Mfumo Umesema Tusije

Mtu akikuambia kuandika sikukuu za mwaka ni kazi nyepesi, muulize kwanza kama amewahi kuwaandikia watu wa Dar es Salaam, Unguja na Nairobi kwa mpigo, tena kwenye programu iliyotengenezwa na watu ambao kwao Idd ni tarehe. Mimi niko utumishi, ingawa siku hizi mlango wangu umebandikwa HR. Kwa miaka mingi sikukuu zetu zilikaa ukutani, kwenye kalenda ya bure ya benki. Tarehe za Serikali zilikuwa nyekundu, siku za kazi nyeusi, na Idd nilizizungushia duara kwa penseli. Penseli ilikuwa na sababu yake: mwezi ukikataa kuonekana, unafuta, unazungushia siku ya pili, maisha yanaendelea.

Kisha kampuni ikanunua mfumo.

Sisi tunauza pampu za maji na mipira ya umwagiliaji. Makao makuu yako Dar, tuna duka Unguja na ofisi ndogo Nairobi. Mkurugenzi alirudi kutoka kwenye semina moja ya hotelini akiwa na neno jipya, "otomatiki", na kila alipolitamka alinyoosha kidole juu. Likizo zitajiidhinisha zenyewe, sikukuu zitajiingiza zenyewe, mishahara itajihesabu yenyewe. Mhasibu wetu, mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: na wateja watajilipisha wenyewe? Hakujibiwa.

Kijana aliyeletwa na wauzaji wa mfumo alikuwa na adabu zake. Alinipa shikamoo, akafungua kompyuta, akasema, "Mama, hapa huna kazi. Sikukuu zote za Tanzania na Kenya zimeshawekwa. Wewe ni kutiki tu."

Nikamwuliza zile zinazotangazwa ghafla zinaandikwa wapi. Hakunielewa. Nikamkumbusha Jumanne ya tarehe 23 Agosti 2022, siku ya sensa, ambayo Rais aliitangaza kuwa ya mapumziko ili makarani watukute nyumbani.

"Hizo, mama, huwa zinajulikana lini?"

"Zikitangazwa."

Mwenzangu wa Nairobi, aliyekuwa akifuatilia mafunzo kwa video, akadakia kwamba kwao Novemba 2023 walipewa taarifa ya wiki moja tu kwamba Jumatatu ya tarehe 13 hakuna kazi, watu wote wakapande miti. Tarehe 10 Mei 2024 wakapewa nyingine, ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko, na miti ikapandwa tena. Kijana akaandika kitu kwenye daftari. Nikaona nimmalizie kabisa: na ile 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, ile ingeingia kama mapumziko au kama kazi? Watu hawakwenda ofisini, lakini walishika fagio. Kijana akafunga daftari, akasema tuhamie kwenye mada ya nywila.

Orodha ya Kenya nayo ilikuwa na mambo yake. Tarehe 10 Oktoba iliandikwa Moi Day. Mwenzangu akaeleza kwa subira kwamba siku hiyo haikutajwa kwenye Katiba ya 2010, watu wakaacha kuiadhimisha, Mahakama Kuu ikairudisha 2017 kwa kuwa sheria ya sikukuu haikuwa imebadilishwa, baadaye ikaitwa Utamaduni, na tangu 2024 inaitwa Mazingira. Kijana akamwomba achague jina moja. "Andika Kumi Oktoba," akajibu, "hilo halitabadilika." Mpaka leo ndivyo ilivyoandikwa.

Mfumo ulianza majaribio mwishoni mwa 2024, na mteja wake wa kwanza mwenye malalamiko alikuwa mzee wetu wa getini. Zamu za walinzi ni za saa kumi na mbili, kutoka jioni mpaka asubuhi. Yeye aliingia jioni ya tarehe 8 Desemba, akatoka asubuhi ya tarehe 9, Sikukuu ya Uhuru. Sheria inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, mbali na ile asilimia 5 ya kazi ya usiku. Kabla ya mfumo, mhasibu alikuwa akihesabu kuanzia saa sita usiku bila kumwuliza mtu. Safari hii karatasi ya mzee ilionyesha malipo ya mara mbili kuanzia saa tisa usiku.

Akaja ofisini, akavua kofia, akakaa.

"Mama, habari za kazi. Nina swali. Uhuru wa nchi hii unaingia saa ngapi?"

Nikamwita mhasibu. Mhasibu, ambaye historia anaipenda kuliko hesabu, akasema hilo halina ubishi: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, pale Uwanja wa Taifa ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, saa sita usiku bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Kwa hiyo saa sita.

Mzee akatikisa kichwa. Kwao Rufiji, akasema, sikukuu inaingia Magharibi. Usiku wa kuamkia sikukuu ni usiku wa sikukuu, na yeye siku ile jua limezama akiwa tayari amekaa getini na tochi yake.

"Hiyo ni Idd, mzee," mhasibu akamwambia. "Uhuru ni wa Serikali."

"Sawa, wa Serikali. Basi nipeni hiyo saa sita ya Serikali. Hii saa tisa ni ya nani?"

Tukampigia kijana. Akachungulia huko anakochungulia, akarudi na jibu: seva ilikuwa imefungwa kwa saa za London, ambazo majira yale ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ikifika saa sita usiku kule, huku ni saa tisa, na hapo ndipo mfumo unapofungua sikukuu. Nikamfafanulia mzee kadiri nilivyoelewa. Alinyamaza, akavaa kofia yake.

"Yaani tangu 1961 bado tunasubiri saa ya Mwingereza?"

Mhasibu alicheka mpaka akatoka nje. Zile saa tatu nilimwandikia mzee kwa mkono, kwenye fomu ya zamani niliyokuwa nimeambiwa niichome. Mlinzi aliyefuata, wa usiku wa tarehe 9, alikuwa amepata saa tatu za bure kwa sababu Uhuru wa London uliendelea mpaka alfajiri ya tarehe 10. Yeye hakuja kuuliza chochote, na mimi sikumwita.

Januari mfumo ukaanza kazi rasmi. Tarehe 12 Januari 2025, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliangukia Jumapili. Hapa kwetu sikukuu ikiangukia Jumapili imekula kwako. Utaadhimisha ukiwa nyumbani ambako ungekuwa hata hivyo. Lakini mfumo ulikuja na kisanduku kilichotikiwa tangu kiwandani: sikukuu ikiangukia wikendi, isogezwe siku ya kazi inayofuata. Wenye mfumo ndivyo wanavyofanya kwao. Basi Ijumaa jioni kila simu ya mfanyakazi ikapokea ujumbe kwamba Jumatatu ya tarehe 13 ni mapumziko.

Kwenye kampuni hii tangazo la ofisi linabandikwa ubaoni, linasomwa kwa sauti kwenye kikao, linatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na bado utapata watu wa kusema hawakuliona. Ujumbe huu uliwafikia wote. Jumatatu asubuhi tulikuwa mimi, mhasibu, mzee wa getini aliyekuwa anamaliza zamu, na wateja wa Mkuranga waliofuata pampu zao na gari la kukodi. Nikampigia dereva.

"Mama, mfumo umesema tusije."

Nikampigia mtunza stoo. Mfumo umesema tusije. Msichana wa mapokezi alikuwa ameshaenda Morogoro kwa shangazi yake. Mkurugenzi ndiye aliyewapakilia wateja wale pampu, kwa mikono yake, akiwa na tai. Mchana wake kile kisanduku kiliondolewa tiki, na kijana akaagizwa asikiguse tena maisha yake yote.

Hakukigusa. Ikafika tarehe 1 Juni 2025, Madaraka Day ya Kenya, nayo ikaangukia Jumapili. Sasa kwa Kenya sheria iko wazi: sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata ni mapumziko. Ofisi yetu ya Nairobi ikapumzika kama nchi nzima. Mfumo, ambao ulikuwa umeshafundishwa adabu za Tanzania, ukawaandika wote watoro, ukaandaa kuwakata siku moja ya mshahara, na kwa wema wake ukawatumia kila mmoja onyo la kwanza. Simu yangu ikaita.

"Madam, naambiwa nimehepa kazi. Kenya yote iko nyumbani leo, hata benki zimefungwa. Nimehepa nikaenda wapi?"

Kijana alipobanwa alisema kisanduku ni kimoja kwa kampuni nzima. Kuna toleo lenye kisanduku cha kila nchi, lakini hilo ni la daraja la juu, na malipo yake ni tofauti. Mkurugenzi akauliza tofauti kiasi gani. Alipotajiwa, akasema Nairobi wataandikiwa kwa mkono.

Lakini hayo yote yana cha mtoto mbele ya Idd. Mwezi wa Kiislamu ni wa siku 29 au 30, na hujui ni ipi kati ya hizo mpaka jioni ya siku ya 29 watu watoke nje, wasimame, watazame upande linakozama jua. Mwaka wake ni wa siku 354 au 355, kwa hiyo Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mtoto yeyote wa Pwani analijua hilo kabla hajaanza darasa la kwanza. Mfumo ulikuwa umeshaamua mambo yake: Idd el Fitr ni Jumapili tarehe 30 na Jumatatu tarehe 31 Machi 2025. Tena pembeni palikuwa na tiki ya "Rudia kila mwaka", nilipofungua kurasa za 2026 nikaikuta Idd imekaa palepale, 30 Machi, wakati kwa hesabu inakuja siku kama 10 kabla.

Asubuhi ya Jumapili ile tukiwa bado tumefunga, simu zote zikalia. "Eid Mubarak kutoka kwa familia yetu ya kazini!" Chini yake kulikuwa na picha ya sinia la pilau, nyama zikionekana moja moja, na kachumbari pembeni. Mtunza duka wa Unguja akajibu kwenye kundi: "Ahsanteni sana, lakini mie nina saumu yangu. Hilo pilau lifunikeni." Mtu mmoja tu ndiye aliyefurahi, kijana wetu wa usambazaji ambaye yeye na jamaa zake hufuata mwezi ukionekana popote duniani, na siku ile alikuwa ametoka kuswali Idd. Aliandika: "Alhamdulillahi, mfumo umeongoka."

Usiku sasa. Waislamu wa ofisini walikuwa wametulia. Wao wanajua mwezi ukiandama wataambiwa. Waliokosa usingizi ni Wakristo. Dereva wetu wa Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa, alinipigia jua halijazama vizuri kuuliza kama Tanga hawajauona. Akapiga tena kuuliza kuhusu Pemba. Mwisho akaniambia amewasha redio na televisheni kwa pamoja, na kwamba Mufti akitangaza tu atanijulisha. Akatangaza, mwezi umeonekana, kesho Jumatatu ni Idd Mosi na Jumanne Idd Pili. Dereva alinijulisha kwa sauti ya takbira.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mfumo ulikuwa na Jumatatu lakini hauna Jumanne. Kubadilisha tarehe ya sikukuu kunahitaji ombi, na ombi linahitaji sababu, na sababu zinachaguliwa kwenye orodha: kosa la uandishi, mabadiliko ya sera, agizo la uongozi, nyingine. Mwezi haumo. Nikachagua "nyingine". Mfumo ukanitaka niambatanishe ushahidi. Mhasibu, niliyekuwa nimempigia kumlilia, akashauri nitoke nje niupige picha mwezi wenyewe. Mwishowe nikapiga picha skrini ya televisheni, Mufti akiwa katikati na tangazo la sabuni likipita chini, nikaituma. Ombi likaenda kwa mkurugenzi kuidhinishwa. Mkurugenzi alikuwa amelala, na Jumatatu akaenda Baraza la Idd na simu akaiacha kwenye gari. Idhini ikatoka jioni, na mfumo bila kuchelewa ukawatumia watu ujumbe:

"Kesho, tarehe 1 Aprili, ni siku ya mapumziko."

Nani angeamini? Siku ya wajinga, na mfumo ni uleule wa Januari. Watu kadhaa walikuja kazini wakiwa wanacheka kwa ndani, wameshashtukia mchezo. Mzee wa getini aliwazuia, na mmoja wao alimtaka aape kwanza.

Simlaumu sana kijana, wala walioutengeneza mfumo. Wao wanatoka mahali ambapo sikukuu inajulikana mapema. Mtu anaweza kukutajia Jumatatu ya mapumziko ya miaka mitano ijayo. Kwetu kuna sikukuu ambayo haipo mpaka mtu aitangaze usiku kwenye redio, na mwenye akili haiweki kwa wino.

Juma lililofuata ikaja Karume Day, tarehe 7 Aprili. Mfumo ukatuma "Heri ya sikukuu!" pamoja na maputo ya rangi yaliyokuwa yakipanda kwenye skrini, na mlio wa tarumbeta. Sasa tarehe 7 Aprili 1972 ndiyo siku aliyouawa Mzee Karume. Unguja siku hiyo watu wanakwenda Kisiwandui kumsomea hitima. Mtunza duka alinipigia kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Dada yangu, nani kakwambieni leo tunapuliza maputo?"

Kijana akaeleza kwamba maputo ni ya sikukuu zote, yanaongeza ari kazini. Yanaweza kuzimwa, ila yakizimwa yanazimika kwa zote. Nikafikiria tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, na tarumbeta lile. Tukayazima. Kwa sababu hiyo Krismasi yetu ilitangazwa kwa maneno haya tu: "Taarifa: tarehe 25 hakuna kazi."

Sabasaba na Nane Nane mfumo haukuzielewa kabisa. Kwa muuza pampu, tarehe 7 Julai si siku ya kukaa nyumbani. TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954, vizuri, lakini sisi tuko Barabara ya Kilwa kwenye viwanja vya maonyesho tangu alfajiri. Tarehe 8 Agosti ndiyo usiseme, tuko Nzuguni, Dodoma, na kila mkulima anataka pampu iwashwe aisikie. Kijana wa mauzo, akiwa chini ya hema, maji yanamrukia, watu wamemzunguka wanauliza bei, alipokea ujumbe: "Leo umepumzika vya kutosha? Itumie siku hii na familia yako." Alinitumia picha ya ujumbe ule bila neno lolote.

Halafu mkurugenzi akataka Siku ya Kampuni. Ijumaa moja ya Septemba, wafanyakazi wote ufukweni Kigamboni, fulana za kampuni, mpira, kuvuta kamba, kufukuza kuku. Kwenye mfumo kuna aina tatu za siku: ya kazi, ya mapumziko yenye malipo, na ya mapumziko yasiyo na malipo. Mkurugenzi alitaka aina ya nne: mapumziko ya lazima kuhudhuria. Tukaiweka kwenye mapumziko yenye malipo. Madereva, kwa mazoea, walipofika ufukweni wakafungua simu wakabonyeza "Nimeingia kazini". Mfumo ukaona watu wako kazini siku ya mapumziko, ukawahesabia mara mbili kwa kila saa, kuanzia kuvuta kamba mpaka kugawa soda. Mlinda mlango wa timu ya stoo alidai na muda wa ziada, kwa kuwa mechi yao ilifika mpaka penalti. Mhasibu alisema yuko tayari kujiuzulu kabla hajasaini malipo ya kufukuza kuku.

Na mapumziko ya siku ya kuzaliwa, wazo jingine la semina. Kila mtu apumzike siku aliyozaliwa. Zuri sana, mpaka nilipotoa orodha. Wazee wetu karibu wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Walizaliwa vijijini, mama anakumbuka ilikuwa wakati wa mavuno au mwaka wa njaa, na karani aliyewaandikisha hakutaka hadithi ndefu. Sasa tarehe 1 Januari ni sikukuu tayari, kwa hiyo zawadi yao imemezwa kila mwaka mpaka wastaafu. Fundi mkuu akanijia: "Mama, mimi niandikie Juni tu, hata mama alisema kulikuwa na baridi." Mfumo ukakataa, tarehe imefungwa pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa.

Kisa cha mwisho ni cha likizo, nacho bado kinaendelea. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia ndani yake inahesabiwa humohumo. Jumamosi inaliwa, Jumapili inaliwa, Krismasi inaliwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21, lakini za kazi. Mwanzoni mfumo ulizihesabu zote kama za kazi, na fundi mmoja wa Dar akaenda kwao Songea wiki tano na siku tatu, akarudi amenenepa, mkononi ana karatasi ya idhini yenye jina la mkurugenzi. Hilo likarekebishwa.

Ila skrini ilibaki ikionyesha salio: Dar 28, Nairobi 21. Kijana wa mauzo alimtania mwenzake wa Nairobi miezi kadhaa kwa sababu ya hizo saba. Wakaomba likizo siku moja, wakaanza wote Jumatatu ya tarehe 8 Desemba 2025. Wa Dar alimezewa Uhuru, Krismasi, siku inayofuata Krismasi, Mwaka Mpya na wikendi zote, akatakiwa kazini Jumatatu tarehe 5 Januari. Alipoketi akampigia mwenzake simu, akasikia sauti ya kuku na watoto. Mwenzake alikuwa bado yuko kwao Kakamega. Jamhuri, Krismasi na sikukuu nyingine hazikuhesabiwa, na alikuwa na wiki nzima mbele yake. Kijana akaja mbio mezani kwangu.

"Mama, hizo 21 zake zina mbolea?"

Nikamtolea kalenda ya ukutani, tukahesabu pamoja kwa kidole. Zilitoka vilevile. Mwenzake alirudi Jumatatu ya tarehe 12 Januari, akapiga simu Dar kuuliza kazi zilizomsubiri, na hakuna aliyepokea kwa sababu ilikuwa Mapinduzi.

Siku hizi kalenda ya benki imerudi ukutani kwangu, na penseli iko kwenye droo. Nimeutafuta pia ugomvi unaokuja, nao nimeshauona. Mfumo haukubali sikukuu yenye jina moja iandikwe mara mbili katika mwaka mmoja, unakuambia "Sikukuu hii tayari ipo." Lakini kwa hesabu za mwezi, mwaka 2033 unatarajiwa kuwa na Idd el Fitr mbili, kama ilivyokuwa mwaka 2000, moja mwanzoni kabisa mwa Januari na nyingine Desemba siku chache kabla ya Krismasi. Nimemwandikia kijana kumjulisha mapema. Amejibu kwa adabu kwamba ombi langu limepokelewa na litaangaliwa kwenye matoleo yajayo. Mimi nastaafu 2032.